Mahari Tunaiandika, Mshahara Tunaambiana kwa Mdomo



Kwenye ndoa zetu za visiwani hakuna kitu kinachoachwa kipite hivi hivi. Wazee wanakaa, barua ya posa inajibiwa, mahari inatajwa hadi shilingi ya mwisho, na kanga za kwenye begi la bi harusi zinahesabiwa doti kwa doti. Siku ya kuozesha walii yupo, mashahidi wawili wapo, na hati inatiwa saini. Mashallah, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa binti huyo huyo apate kazi hotelini Nungwi au Paje, au dukani Darajani. Anaambiwa, "Njoo Jumamosi uanze." Mshahara kiasi gani? "Tuone kazi yako kwanza." Siku ya mapumziko ni ipi? Hajibiwi. Akishika mimba itakuwaje? Hajibiwi. Na sisi mama, khaloo na mashangazi tunamwambia ashukuru, asiulize mengi, watamfukuza.

Nasema wazi: hili ni kosa, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni yetu sisi majumbani, kabla ya kumfika mwajiri.

Kila mazungumzo ya kazi yakianza, tunakimbilia suala moja tu: inafaa mwanamke wa Kiislamu afanye kazi hotelini? Kuna pombe, kuna watalii, kuna zamu za usiku. Masuala hayo ni ya kweli na sina dharau nayo. Lakini tazameni midomo inayofunguka kwa ajili ya mtandio wa binti inavyofungwa likija suala la haki yake. Ikifika masika wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafungwa, na binti anaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Hana malipo, hana tarehe ya kurudi. Hapo barazani hakuna anayesema neno. Mwaka 2023 visiwa hivi vilipokea wageni zaidi ya laki 6. Kazi ipo na pesa inaingia. Tujiulize inaishia mikononi mwa nani.

Na hata hiyo haya tunayoigombania, nani atailinda? Maneno ya mdomo? Kama unataka binti yako avae hijabu kazini, iandikwe. Kama hatobeba pombe, iandikwe. Muda wa kusali, saa ya kutoka, na gari ya kumrudisha anapotoka zamu ya usiku, vyote viandikwe. Binti mwenye karatasi mkononi anaweza kumwambia msimamizi, "Hatukukubaliana hivi." Asiye na karatasi anachagua moja kati ya mawili: anyamaze au aache kazi. Mzazi anayehofia dini ya mwanawe ndiye angekuwa wa mwanzo kuidai karatasi hiyo.

Dini yetu haikutuacha gizani katika hili. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni la muda maalumu, na inatukataza kuona uvivu wa kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Mshahara wa mtu aliyekwisha kufanya kazi ni nini kama si deni? Halafu someni Suratul Qasas, aya ya 23 mpaka ya 28. Mabinti wawili wa Madyan wanachunga mifugo kwa sababu baba yao ni mzee. Mmoja wao anamshauri baba amuajiri Nabii Musa, alayhi salaam. Baba anamuozesha binti na kumpa kazi katika mazungumzo hayo hayo: muda ni miaka 8, akitimiza 10 ni hiari yake, na hatotiwa mashakani. Musa anakubali, na Allah anafanywa shahidi wa maneno yao. Ndoa na kazi zilipangwa siku moja, kila moja na masharti yake. Sisi tumeshika nusu ya kisa tukaiacha nusu.

Wapo watakaosema, "Mwajiri ni jamaa yetu, kumdai karatasi ni kumvunjia heshima." Mbona bwana harusi tunampenda na mahari tunaiandika? Mbona mzee wa Madyan na Nabii Musa, watu wema wote wawili, walitaja muda? Mwajiri muaminifu hapotezi kitu kwa kuandika. Anayekasirika kuombwa karatasi amekwisha kujieleza.

Wengine watasema, "Ukiuliza sana utakosa kazi." Kweli, binti wa miaka 20 akisimama peke yake mbele ya meneja ataogopa. Ndiyo maana kwenye posa hatumpeleki peke yake. Baba au kaka aende naye. Wafanyakazi wa zamu moja waulize pamoja. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 ipo, na Kamisheni ya Kazi ipo kwa ajili ya malalamiko. Muulizeni pia kama jina lake limeandikishwa ZSSF.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, zungumza suala la kazi kabla ya akdi, usingoje fungate liishe. Utaendelea na kazi au hutoendelea? Zamu za usiku mumeo anaziafiki? Nafaka ni wajibu wake hata kama una mshahara, na ulichokichuma ni chako. Suratun Nisaa aya ya 32 imelisema hilo. Ukitaka kumsaidia mumeo, ni hisani yako na una thawabu. Lakini ajue ni hisani.

Sasa tugeuke tujitazame. Yule msichana anayetufulia, kutupikia na kutulelea watoto, aliyetoka shamba, Pemba au bara, karatasi yake iko wapi? Anapumzika siku gani? Mshahara wake wa mwezi uliopita ameupata, au bado tunamwambia "subiri kidogo" huku tukishona nguo za harusi? Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inatutaka tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hadithi hiyo haikuwatoa wanawake wenye nyumba. Hatuwezi kuwadai wenye hoteli kitu ambacho sisi wenyewe hatukitoi jikoni kwetu.

Basi usiku wa leo mlipeni msichana wenu mnachodaiwa, mkae naye mkubaliane na muandike. Kisha mwambieni binti yenu akuonesheni mkataba wake wa kazi. Kama hana, Jumatatu mwende naye.