Nani Aingie Ndani ya Tangi?



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya usafi wa tangi la maji la nyumbani, na hasa juu ya kuchagua kifaa cha kulisafishia. Sisi wa Makambako tunajua mvua zetu huanza kushika mwishoni mwa mwaka. Kabla ya hapo upepo huwa umepuliza vumbi la miezi mingi juu ya mabati. Mvua ya kwanza huliosha vumbi hilo, pamoja na majani na kinyesi cha ndege, na kulipitisha kwenye gata hadi tangini. Basi wakati mzuri wa kusafisha ni kabla ya mvua, maji yakiwa yamepungua.

Kwa nje tangi la plastiki huonekana safi siku zote. Ndani ni mambo mengine. Koki huwekwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, ili mashapo yasitoke na maji. Kwa hiyo hata maji yanapokoma kutoka kwenye koki, tope la mwaka mzima bado limelala chini. Kuta nazo hujengeka utando unaoteleza, ambamo vijidudu hujificha.

Sisi wauguzi hukutana na matokeo ya uchafu huo: mtoto anayeharisha, macho yamebonyea, midomo mikavu, hata kulia hatoi machozi. Tena tusisahau kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya Bara. Maji machafu hayachagui nyumba.

Mtoto si brashi

Katika nyumba nyingi kazi hii hufanywa hivi: anatafutwa mtoto mwembamba anayepita kwenye mdomo wa tangi, anapewa kitambaa na ndoo, anashushwa ndani. Mama zangu, tuiache desturi hiyo. Ndani ya tangi hewa ni kidogo na joto ni kali. Sakafu inateleza. Ikiwa kuna harufu ya klorini, mtoto huivuta yote kifuani. Akizirai, mdomo ule mdogo aliopita akiwa na nguvu zake haumruhusu mtu mzima kuingia kumtoa. Na kijana wa kibarua naye ni mtoto wa mama fulani.

Basi kanuni yetu ya kwanza ni hii: kifaa kinachofaa ni kile kinachomwacha mtu nje ya tangi.

Tujifunze kwa wenye mabwawa

Baadhi yetu tuna mabinti na ndugu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar katika nyumba zenye bwawa la kuogelea. Huko wapo wanaotumia roboti, mashine inayotambaa chini ya maji kama kobe. Ina mota ya umeme, brashi za kusugua, na pampu inayovuta maji na kuyapitisha kwenye chujio. Maji hurudi bwawani, uchafu hubaki ndani ya chujio.

Anayetaka kununua mashine hiyo hutazama mambo manne. Je, inapanda kuta au inasafisha sakafu tu? Je, chujio lake linakamata vumbi laini au majani peke yake? Je, waya wake unafika pembe zote za bwawa, au kama ni ya betri, inadumu muda gani? Na je, vipuri na fundi wanapatikana karibu? Ikiwa kazini, watu wasiwemo majini.

Roboti hiyo haitufai kwa tangi, maana imetengenezwa kwa mahali papana. Lakini inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kazi ya majini inafanywa na kifaa, mtu akiwa pembeni. Pili, roboti haiui vijidudu. Mwenye bwawa anapokwisha kuitoa, bado anahitaji klorini. Kuondoa uchafu ni kazi moja, na kuua vijidudu ni kazi nyingine. Mengi ya matangi yetu hupata ile ya kwanza tu.

Kifaa chetu sisi

Tafuteni brashi ya nailoni na kuifunga imara kwenye mwanzi mrefu unaofika chini ya tangi. Mianzi huku kwetu Njombe haina shida. Msitumie brashi ya waya wala steelwire ya kusugulia sufuria, kwa sababu hukwaruza plastiki, na mikwaruzo hiyo huwa maficho mapya ya vijidudu.

Kifaa cha pili ni mpira wa maji. Fungeni ncha yake moja kwenye mwanzi, mkiikata kimshazari ili isigande sakafuni. Ujazeni mpira maji safi, zibeni ncha zote mbili kwa vidole, shusheni ncha ya mwanzi hadi chini ya tangi, kisha iacheni ncha ya nje ikiwa chini kuliko sakafu ya tangi. Maji yatajivuta yenyewe pamoja na tope, bila pampu na bila umeme. Msiuvute mpira kwa mdomo. Tembezeni mwanzi polepole sakafuni, kama mtu anayefagia.

Wenye tangi kubwa la saruji huweza kukodi mashine inayorusha maji kwa nguvu. Ikiwa ni ya petroli, injini ikae mbali na mdomo wa tangi, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoweza kuua.

Kazi yenyewe

Toeni maji hadi ibaki sehemu ndogo chini. Sugueni kuta kuanzia juu, kisha sakafu. Vuteni tope kwa mpira. Mwagieni maji safi na kuvuta tena, hadi yanayotoka yawe meupe.

Sasa ije dawa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza hivi: jazeni robo ya tangi kwa maji safi, nyunyizeni klorini ya chembechembe yenye nguvu ya asilimia 50 hadi 80, kwa kipimo cha gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ukubwa wa tangi. Tangi la lita 2,000 litachukua gramu 160. Kisha lijazeni kabisa, lifunikeni, mliache kwa saa 24. Baada ya hapo mwageni maji yote, mbali na bustani, bwawa la samaki na mahali pa kunyweshea mifugo. Maji hayo si ya kunywa wala kupikia. Bwana afya wa eneo lenu atawasaidia kupima.

Vaeni glavu na kufunika pua. Klorini isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ile ya choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Mkishamaliza, fungeni mfuniko imara, ili mbu wasizaliane humo na mtoto asije akatumbukia. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati na kumwagika nje. Gata liunganishwe na tangi baadaye. Na maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa. Kwa mwinuko wetu wa Makambako, yakitokota kwa dakika moja yanatosha.

Brashi, mwanzi na mpira: gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya kumuuguza mtoto wodini. Mzungumze na baba watoto jioni ya leo, mpange siku. Na atakayesema, "Mwiteni mdogo aingie," mwonyesheni mwanzi.

Tukutane tena mwezi ujao.