Alama Moja Imekula Pesa za Mei Mosi



Tumezoea kugombana na mnyapara juu ya masaa. Safari hii mnyapara aliandika masaa sawasawa, karani naye hakuiba, na bado pesa zilipungua. Ilitubidi tuketi na karani mbele ya kompyuta kutwa nzima ndipo tukaelewa.

Katika kampuni moja (jina tunalihifadhi, maana mambo yamekwisha kwa amani) mishahara huhesabiwa kwa skripti, yaani faili la amri ambazo kompyuta hufuata mstari kwa mstari. Programu inayozisoma amri hizo huitwa sheli. Ni kama mkalimani kati ya karani na mashine. Skripti hiyo iliandikwa Mbale, ikafanya kazi vizuri, ikanakiliwa ikapelekwa Jinja. Kwenye mashine ya Mbale mkalimani aitwaye sh kwa kweli alikuwa Bash. Mashine ya Jinja ilikuwa na Ubuntu, na tangu mwaka 2006 huko jina hilo hilo la sh ni la mkalimani mwingine, dash, ambaye ni mwepesi zaidi lakini hajui maneno ya nyongeza ya Bash.

Karani wa Mbale alikuwa ameamuru hivi: kama siku == sikukuu, lipa mara mbili; kama sivyo, lipa mara moja na nusu. Aliweka alama mbili za usawa. Kanuni ya POSIX, ambayo sehemu yake ya sheli ilitoka mwaka 1992, ina alama moja tu. Bash husamehe. Dash ilitoa onyo kwenye skrini, ikachukua kwamba sharti halikutimia, ikaendelea mbele. Onyo halikusomwa na mtu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema masaa ya ziada ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na ya sikukuu iliyotangazwa mara mbili. Mwenzetu wa shilingi 1,500 kwa saa, aliyefanya masaa 6 ya ziada siku ya Mei Mosi, alistahili 18,000. Alipewa 13,500. Zidisha hizo 4,500 kwa watu wote wa zamu ile! Tena ofisi ilituambia ati kompyuta haikosei.

Tulidai mambo mawili. La kwanza, skripti iandikwe kwa kanuni ya wote na ijaribiwe kwa Bash na kwa dash kabla ya siku ya mshahara. Ipo programu ya bure, ShellCheck, inayoonyesha makosa kama lile la alama mbili. Hakuna sababu ya kutoitumia. La pili, hesabu ya mtu mmoja ipigwe kwa mkono, kwa kalamu, ilinganishwe na ya mashine.

Hilo la pili karani alilicheka, lakini ndilo lililofichua kosa la pili. Katika skripti nyingine ya ofisi hiyo, ambayo ilikuwa haijaanza kutumika, mara moja na nusu iliandikwa (3/2). Hesabu za sheli ya kanuni hazina nusu: tatu kwa mbili ni moja. Masaa 6 ya siku ya kawaida yangelipwa 9,000 badala ya 13,500, kwa Bash na kwa dash vilevile, bila onyo lolote. Dawa yake ni kuzidisha kwa 3 kwanza, ndipo kugawa kwa 2. Tukakuta pia masaa yakiandikwa 010 husomwa 8, maana sifuri ya mbele huigeuza hesabu iwe ya msingi wa nane. Masaa mawili ya jasho yanapotea hivyo!

Pesa za Mei Mosi zililipwa mwezi uliofuata. Sasa wawakilishi wa kila idara, viwandani na mashambani, waombe kuwapo skripti mpya inapojaribiwa. Nanyi wanachama, andikeni masaa yenu kwenye daftari kila jioni, na mje na hati zenu za mshahara kwenye mkutano wa tawi. Kalamu tutaleta sisi.