Hiyo Linki Inamlipa Nani?

SEHEMU YA 1

Najua niliahidi leo tuendelee na uji wa lishe. Uji utasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, nisipolisema nitakuwa mnafiki.

Nilikuwa wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Kaletwa mama kutoka upande wa Laela, uchungu umeshachanganya, wifi yake kamshika mkono. Nikauliza kama kawaida, begi la kujifungulia liko wapi? Wifi akanionyesha kiroba. Ndani kanga mbili na kipande cha sabuni, basi. Glovu hamna, pamba hamna, nguo ya mtoto hata moja. Na mnaijua baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba, si ya kumfunga kichanga kanga tupu. Tukahangaika, sista mwenzangu akatoa kofia na soksi za mwanae, mambo yakaenda vizuri. Mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo.

Asubuhi nikamuuliza taratibu: mama, kliniki si ulikuwa unahudhuria? Si mliambiwa muandae vitu mapema? Akasema hela alikuwa nayo. Elfu thelathini, aliiweka kidogo kidogo kwa kuuza maharage. Mwezi wa tano akaitoa, akanunua kozi ya kupata kipato cha uhakika mtandaoni. Halafu akaniangalia usoni akasema, "Lakini sista, si ni wewe uliyetuma ile linki kwenye grupu?"

Ni mimi.

Nilikuwa likizo ya uzazi, zile siku 84, mshahara umeshakatwa mkopo, mtoto analia, simu iko mkononi. Nikaona tangazo: mama, ingiza hela ukiwa unanyonyesha. Nikalipa 30,000. Nikapewa linki yangu, nikaitupa kila mahali: grupu la jumuiya, grupu la ukoo, na lile la mama wa kliniki ambalo mlinikaribisha niwashauri mambo ya afya. Sita walinunua. Kila mmoja kaniingizia 15,000. Nikasema jamani, kumbe inawezekana. Nilifurahi, sitawadanganya.

Sasa nimekaa nikaitafakari ile biashara upya, na nina hasira. Kidogo kwa walionifundisha, nyingi kwa nafsi yangu. Tuongee.

SEHEMU YA 2

Meseji zenu nimeziona. Wengi mnauliza, kwani hii afilieti ni utapeli? Jibu langu ni hapana, na mtego uko hapo hapo. Ingekuwa utapeli mtupu tungeshtuka mapema.

Afilieti ni udalali. Mtu ana bidhaa, wewe unapewa linki yenye alama yako, mteja akipitia humo akanunua, unakatiwa kamisheni. Amazon ya Marekani inafanya hivyo tangu 1996 na watu wamelipwa kweli. Hata huku kwetu ukimletea mtu mteja wa kiwanja Kizwite, unategemea chochote. Hakuna dhambi.

Jirani yangu ni dalali wa aina hiyo, ila hajui kama anaitwa afilieti. Anawatafutia wateja watu wenye mchele wa bondeni, kule Ziwa Rukwa. Anapiga picha punje kwa karibu, anaweka WhatsApp, ndugu na marafiki wa Mbeya na Dar wanaagiza, gunia linapakiwa basi la asubuhi, yeye anapata chake kwa kila gunia. Mchele anaujua. Ukimuuliza kama unanukia au umechanganywa na wa mwaka jana, anakujibu bila kumung'unya. Na anayeununua anakwenda kuupika, watoto wanakula, unaisha, anaagiza tena.

Haya, linganisha na nilichouza mimi.

Kozi ile somo la kwanza ni akili ya tajiri. La pili ni kufungua akaunti. La tatu hadi la mwisho ni namna ya kuuza kozi ile ile. Hakuna anayeinunua ili aipike. Kila anayenunua ananunua ili auze. Mteja wa mwisho, yule anayekula wali, hayupo kabisa!

Sisi manesi tunapiga hesabu za dozi kila siku, ukikosea nukta unaua mtu. Hii sikuipiga. Nimeipiga juzi nyuma ya karatasi ya ripoti ya zamu, nisameheni serikali.

Waliniahidi 300,000 kwa mwezi. Kwa kamisheni ya 15,000, nahitaji wanunuzi 20. Hao 20 nao wameahidiwa hizo hizo laki tatu, kwa hiyo mwezi wa pili kila mmoja anahitaji 20 wake: watu 400. Mwezi wa tatu 8,000. Wa nne 160,000. Mwezi wa tano tunahitaji watu milioni 3 na laki 2. Mkoa wetu wa Rukwa wote, kwa sensa ya 2022, una watu milioni moja na nusu na kidogo, ukihesabu na vichanga vya wodini kwangu. Mwezi wa sita ni milioni 64, na Tanzania nzima sensa ile ile ilihesabu watu milioni 61.7.

Kwa hiyo mtu anayekwambia "kila mama anaweza" amedanganya hata kama hajui kuwa amedanganya. Haiwezi kuwa kila mama. Ili mmoja apate laki tatu, lazima wengine ishirini watoe elfu thelathini wasirudishiwe. Mimi wangu walikuwa sita, na mmoja nilimkuta kitandani na kiroba.

SEHEMU YA 3

Naona kocha mmoja kanijibu kwa meseji ya sauti ya dakika saba, imesambazwa mpaka imenifikia. Anasema sista ana akili ya mshahara, ndiyo maana ameshindwa.

Ndiyo baba, ninayo akili ya mshahara. Mshahara wangu wa diploma si mkubwa, lakini tarehe yake naijua, na mwenye duka anayenikopesha sukari anaijua. Hiyo ndiyo maana ya neno uhakika. Msilichezee. Kamisheni haina tarehe. Unaweza ukapata leo elfu arobaini, ukakaa wiki tano unaangalia simu tu.

Tena sisemi ya magrupu yetu peke yake. Tuchukue Amazon hao hao, wakubwa kuliko wote. Mtu akibonyeza linki yako, kwa kawaida una saa 24 tu awe ameweka kitu kapuni, zikipita umemfanyia kazi bure. Aprili 2020, dunia imejifungia kwa korona, walitoa tangazo: kamisheni ya samani na vitu vya nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3. Watu waliokuwa wameandika kurasa zao kwa miaka na kulisha familia kwa kazi hiyo, aliyekuwa anapata dola 800 akabaki na 300 kwa kazi ile ile. Hawakuitwa kwenye kikao. Kwetu nako, Jumia ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019. Uliyekuwa umejenga wateja wako juu yake, ungemlilia nani?

Halafu hawa makocha hawasemi habari ya kupokea hela yenyewe. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa miaka imekuwa ya kulipa tu, kupokea hairuhusu. Na tuulizane ukweli, kati ya watu walio kwenye simu yako, nani anaagiza sufuria Amazon? Shangazi yako wa Matai? Ndiyo maana darasa lao linaanza na picha za Amazon na kuishia na kuuziana kozi sisi kwa sisi.

"Mbona fulani amefanikiwa?" Ndiyo, wapo. Ukimwangalia vizuri utakuta ana wafuasi maelfu, ameandika juu ya kitu kimoja miaka minne, mitano, na anauza bidhaa ambayo watu wanaitaka hata asingekuwepo. Hiyo ni kazi, kama kulima. Namheshimu. Lakini yeye hajakuahidi wewe chochote. Anayekuahidi ni yule mwenye skrinshoti za miamala, na ukimuuliza hizo hela zimetoka kwenye nini, anasema lipia kwanza nikuonyeshe.

Watanzania tulishapita hapa. Mlio na umri wangu mnaikumbuka DECI, maneno ya kupanda mbegu na kuvuna, watu wakiambiana hata makanisani. Serikali ikaizuia 2009, na 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Mbegu za watu hazikuota. Juzi tu hapa, Februari 2025, LBL: unalipa kiingilio, unaangalia vipande vya filamu kwenye simu, unaongezewa hela ukileta mwenzako. Benki Kuu ikasema wazi hawana leseni, polisi wakaanza kukamata, na watu wakabaki na simu zao.

Sisemi kozi ya linki ni sawa na hizo mbele ya sheria. Kozi unapewa video zako, huwezi kwenda polisi ukasema umeibiwa. Ila ukiona faida inatokana na kuingiza watu na wala si na kitu kinachotumika, hiyo ni ndugu yao, hata kama baba yao si mmoja. Mji wetu jina lake lina maana ya kutupa uchawi. Wachawi tuliwatupa, wenye skrinshoti tumewakaribisha sebuleni na chai tumewapa.

SEHEMU YA 4

Nimalizie na lililonifanya niandike yote haya.

Kwa nini wanatufuata sisi mama? Angalia matangazo yao. Mama wa nyumbani. Mama anayenyonyesha. Usimtegemee mume. Wanajua hali ya mtu aliyejifungua wiki ya tatu, hajalala, mume yuko Tunduma anatafuta, ndani kuna debe moja la unga, na kila senti anaomba. Mtu huyo humuuzii ndoto ya elfu thelathini, unamnyang'anya. Wewe kocha unayejiita mkombozi wa wanawake, siku moja njoo na mimi saa tisa usiku uwaone hao wanawake wako.

Na kwa nini walinitaka mimi? Mwalimu wangu alinielekeza nibadilishe picha ya profaili, niweke ya sare. "Watu wanaiamini sare." Nikaweka. Baada ya mwezi nikaletewa linki nyingine, unga wa kuongeza maziwa na vidonge vya kusafisha kizazi, kamisheni kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoamka. Kizazi kinajisafisha chenyewe baada ya kujifungua, wiki sita hivi, na damu ikizidi au ikinuka unakuja hospitali, hununui kidonge. Nikakataa ile linki. Lakini ya kwanza nilikuwa nimeshaituma kwa sare ile ile, na ndiyo maana yule mama wa Laela hakuuliza swali hata moja. Aliniamini mimi. Kozi hata hakuielewa ni ya nini.

Manesi wenzangu, na hapa mtanichukia: tuko wengi tunaofanya hivi. Mgonjwa kitandani, unampima presha, unamwachia namba na linki. Unajiona unajiongeza. Huyo mtu hawezi kukukatalia! Anafikiri akikataa, usiku akiita hutakuja. Uza mitumba, uza keki, uza mchele wa bondeni, lakini uuzie nje ya geti, ukiwa na kitenge chako kama mama mwingine yeyote.

Na wewe mama uliyeshika simu sasa hivi unataka kulipia, sikuzuii kutafuta. Nakuomba umuulize aliyekutumia swali moja: tukiwatoa wote wanaonunua ili wauze, anabaki nani? Akikutajia mtu, kwamba mwalimu fulani anataka viatu, familia fulani inataka maharage ya Ufipa, endelea kumsikiliza. Akikuletea habari za akili ya tajiri, weka simu chini ukamnunulie mwanao soksi.

Jirani yangu wa mchele nilimuuliza anapata kiasi gani. Akacheka. Akasema miezi ya mavuno anasomesha, mwezi wa pili na wa tatu anakopa kikoba. Hajawahi kuliita jambo hilo kipato cha uhakika, na hajawahi kunitaka nimlipe anifundishe. Alinionyesha bure, tumekaa kizingitini, namna ya kujua mchele uliolowa maji.

Yule mama nimemrudishia 30,000 yake yote, ijapokuwa iliyoingia kwangu ilikuwa nusu. Hakusema kitu, alizikunja akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniomba nimsaidie kumweka mtoto ziwani. Wengine wawili nimewatumia kwa simu juzi. Watatu bado, mmoja nitamlipa mshahara wa mwezi huu, wawili wa mwezi ujao. Kama uliingia kwa linki yangu na unasoma hapa, njoo inboksi, usione aibu, aibu ni yangu. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, nitakujibu asubuhi nikitoka.