Mwisho Usio na Kaditama

Sisi tuliokulia katika majumba ya sinema ya miaka ya 1970 tulikuwa na kanuni moja kuhusu picha za kauboi: steringi hafi. Tuliingia tukiijua na tukatoka ikiwa imethibitishwa. Aliyekosa kiingilio, akisimuliwa kesho yake uwanjani shuleni, hakuuliza kama adui aliadhibiwa, bali aliadhibiwa vipi. Kwa hiyo ninawaelewa mashabiki waliokasirika usiku wa tarehe 27 Agosti 2006, tamthilia ya televisheni iitwayo Deadwood ilipokoma baada ya misimu mitatu na vipindi 36, tajiri George Hearst akiondoka mjini na mali yake, na sherifu amesimama akimtazama tu. Binti yangu, aliyeniletea tamthilia hiyo nzima kwenye flashi miaka mingi baadaye, alinionya mapema: “Baba, mwisho utakuudhi.”

Haukuniudhi. Ningependa kueleza kwa nini, na wasomaji wa ukurasa huu watanivumilia nikitumia mizani tunayopimia mashairi, kwa kuwa sina nyingine.

Deadwood ni mji wa kweli katika milima ya Black Hills, jimbo la South Dakota nchini Marekani. Mwaka 1876 wachimba dhahabu walijaa katika ardhi ambayo mkataba wa 1868 uliitambua kuwa ya Walakota. Kambi yao haikuwa na sheria kwa sababu yenyewe ilikuwa kinyume cha sheria. David Milch, mtunzi wa tamthilia, aliwahi kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Yale, na hilo lasikika. Wahusika wake husema sentensi ndefu zilizopinduliwa mpangilio, kama watu wa jukwaa la Shakespeare, halafu katikati ya fahari hiyo hutukana matusi ya nguoni. (Nilizima sauti kila wajukuu walipokatiza sebuleni, kuna jioni nilitazama zaidi ya nilivyosikia.)

Hasira ya mashabiki ilikuwa na matawi mawili, nami nadhani ni kosa kuyafunga pamoja. Tawi la kwanza lilikielekea kituo cha HBO. Habari za kusitishwa zilitoka kabla hata msimu wa tatu haujaanza kuonyeshwa, ilhali Milch alikwishakusudia wa nne. Watu walitishia kuacha kukilipia kituo. Kituo kikaahidi filamu mbili za saa mbili mbili za kumalizia. Miaka ikapita, filamu hazikuja. Hapo mashabiki walikuwa na haki. Kitambaa kilikatwa na mwenye duka, fundi angali na sindano mkononi.

Tawi la pili ndilo ninalobishana nalo: kwamba hadithi, kama ilivyoachwa, haikuisha.

Tukumbuke kilichotokea katika kipindi hicho. Trixie, mwanamke wa danguro la Al Swearengen, amempiga Hearst risasi ya bega. Hearst ataka aione maiti yake, la sivyo mji utalipa. Swearengen, ambaye hawezi kumtoa Trixie, amuua msichana mwingine wa danguro lake, Jen, kwa sababu wanafanana. Hearst aonyeshwa maiti, asitambue tofauti, aondoke. Mji umeokoka. Kisha Johnny, kijana wa Swearengen aliyempenda Jen, aja mlangoni na kuuliza kama msichana aliumia. Swearengen yupo magotini akisugua doa la damu sakafuni. Amjibu kwa ufupi kuwa alifanya kwa upole kadiri alivyoweza, na kwamba wasilizungumze tena. Johnny aenda zake. Mzee abaki akisugua, akinong’ona peke yake kuwa kijana ataka aambiwe jambo zuri. Giza.

Maneno hayo ndiyo jina la kipindi, nami ningelitafsiri “Mwambie Jambo Zuri”. Nasisitiza *zuri*, si *jema*. Neno alilolichagua Milch ni la sura, la urembo wa kitu machoni. Kiswahili kimetupa vivumishi viwili pale ambapo lugha nyingine huhangaika: uso ni mzuri, mtu ni mwema. Johnny haombi jema; jema halipo tena, limo katika doa lile. Aomba zuri. Na mashabiki waliolalamika kesho yake waliomba kitu kile kile alichoomba Johnny, kwa sauti ile ile, bila kutambua kuwa wamekwisha kujibiwa.

Katika ushairi wetu tunasema ubeti uwe na utoshelevu: ukikatwa peke yake usimame. Hatujasema popote kuwa ubeti unaotosheleza ni sharti ufunge mlango. Kaditama ni desturi ya adabu, mshairi akiaga na kutaja jina lake. Haina uwezo wa kukamilisha shairi ambalo halikukamilika, wala kutokuwepo kwake hakulipunguzi lililokamilika. Kipindi kile cha mwisho kinatosheleza. Tangu kipindi cha kwanza swali lilikuwa moja: mji hujengwa kwa gharama ya nani? Doa lilijibu.

Nimechelewa kuyajua haya. Miaka ya 1990, katika shule moja ya wasichana, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea shairi la tarbia kuhusu kaka yake aliyezama baharini. Lilikuwa na beti sita. Ubeti wa sita ulieleza wavu uliobaki mchangani, na kwamba hapana nyumbani aliyetaka kuukunja. Basi. Niliandika kwa wino mwekundu: “Halijaisha. Kaditama iko wapi?” Siku ya pili akaleta ubeti wa saba, vina na mizani kamili, wa kumshukuru Mola na kumwombea marehemu, jina lake na mwaka vikiwa mahali pake. Nikamwongezea alama tano. Akauliza, “Sasa limeisha, mwalimu?” Nikasema limeisha. Ubeti wa saba siukumbuki hata neno. Wavu naukumbuka.

Mashabiki wa Deadwood walipata ubeti wao wa saba tarehe 31 Mei 2019, filamu moja badala ya mbili. Mwaka ni 1889, South Dakota inakuwa jimbo. Hearst arudi akiwa seneta, afanya uovu mwingine, na safari hii umati wampiga na sherifu amburura hadi mahabusu. Trixie ana mtoto na anaolewa. Swearengen yu kitandani, amefikia ukingo. Theluji yashuka. Watazamaji wengi walilia kwa furaha, na sitawacheka, kwa kuwa mwaka huo huo Milch alitangaza kuwa anaugua ugonjwa wa Alzheimer, na mtu anayepokonywa kumbukumbu ana haki ya kuwaaga watu wake apendavyo. Lakini George Hearst wa kweli hakubururwa na mtu. Alifariki mwaka 1891 mjini Washington, angali seneta. Na katika filamu hiyo yote, yenye harusi na kitoto na theluji, mapenzi yangu yaliendelea kurudi kwa Jen, ambaye hakuna kilichoweza kumrudisha.

Binti yangu alinipigia simu usiku nilipomaliza. Alikuwa bado na furaha ya siku alipoitazama mara ya kwanza.

“Si umeona, baba? Mwishowe imekwisha vizuri.”

Nikamjibu kuwa kweli, imekwisha vizuri.