Ngozi ya Chui Haikuwa ya Kuuzwa



Kila mwaka, 20 Juni ikikaribia, vikundi vya ngoma kambini vinaanza maandalizi ya Siku ya Wakimbizi. Nyimbo zipo, wapiga ngoma wapo, shida inabaki nguo. Na kwa makabila mengi yaliyokuja huku, nguo ya ngoma ni ngozi. Safari hii katika kikundi ninachosaidia kumetokea ubishi mkubwa. Mmoja alisema kuna mtu upande wa pili wa mpaka anaweza kuleta ngozi ya chui, tuchange pesa tu. Mwingine akasema hiyo ni jela. Wa tatu akakasirika kabisa: ati serikali wanataka kutuua utamaduni pia, kama vile kupoteza nyumba hakutoshi.

Sasa mimi naandika maoni yangu. Naunga mkono sheria ipige marufuku kabisa kuuza ngozi na manyoya ya wanyamapori: chui, mbega, mondo, okapi na wengine wote wa porini. Hata kwa kibali cha biashara, hapana. Lakini sheria peke yake itafunga vijana wetu na kuwaacha wakubwa wa biashara, kama haitafuatana na vitu viwili nitakavyovitaja mbele.

Kwanza tujue tuko wapi. Sisi hatuishi mahali pa kawaida. Ukisimama Salia Musala hapa Koboko, unaona nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Oraba ni njia ya kwenda Kaya. Ukishuka Arua, kuna Vurra, na ng'ambo kuna Ariwara na soko lake. Mbele zaidi huko Kongo iko mbuga ya Garamba, na ukienda kusini kuna misitu ya Ituri ambako okapi anaishi. Mnyama akiuawa huko, mzigo unatafuta barabara ya lami, na lami inapita kwetu. Ndiyo maana jambo hili si la watu wa Kampala peke yao. Ni letu.

Pili, tujue sheria inasema nini leo, maana wengi wanadhani hakuna sheria. Ipo. Uganda ilitunga Sheria mpya ya Wanyamapori mwaka 2019. Kwa wanyama walio katika hatari kubwa ya kumalizika, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, au faini ya hadi shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Kwa wanyama wengine waliolindwa kuna jela pia. Na sikiliza vizuri hapa: si lazima ukamatwe ukiua au ukiuza. Kukutwa nayo tu bila kibali ni kosa. Si maneno ya karatasi. Oktoba 2022 mahakama ya wanyamapori ya Kampala ilimpa mtu kifungo cha maisha kwa sababu ya vipande viwili vya meno ya tembo. Na sisi wakimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatutaka tufuate sheria za Uganda kama raia. Ukisema "mimi sikujua, kwetu inaruhusiwa", hakimu hatakusikiliza.

Nani anakamatwa basi? Mara nyingi ni mbebaji. Kijana wa boda anapewa gunia, anaambiwa "peleka stendi ya Arua, kuna mtu atapokea." Hajui kilichomo, au anajua na ananyamaza. Mwenye mzigo yuko mbali, na simu yake itazimwa siku hiyohiyo. Tangu WFP ilipotugawa makundi mwaka 2023, wengine wakapunguziwa chakula na wengine wakatolewa kabisa, kijana wa kumshawishi hatafutwi mbali. Ndiyo sababu nataka marufuku ya kuuza iwe wazi na kamili. Biashara ikiwa nusu halali, nusu haramu, mkubwa atajificha kwenye nusu ya halali na mdogo atabaki kwenye nusu ya haramu.

Kenya waliliona hilo zamani. Mwaka 1977 walipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata wakafunga biashara ya ngozi, meno na vitu vingine vya wanyamapori ambavyo maduka ya Nairobi yalikuwa yanauzia watalii. Ujangili haukuisha siku hiyo, tuseme ukweli. Lakini toka hapo hakuna mtu anayeweza kutundika ngozi ya chui dirishani na kusema "hii ni ile ya zamani, ninayo karatasi." Duka halali ndilo lilikuwa linaosha mali ya wizi.

Tazameni pia habari ya punda. Nchi kadhaa za Afrika ziliruhusu punda wachinjwe ngozi ipelekwe China kutengeneza dawa. Kenya walifungua machinjio kuanzia mwaka 2016. Punda wakaanza kuibwa usiku, mama aliyekuwa anachota maji kwa punda akabaki na madumu kichwani. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kufunga biashara hiyo kwa miaka 15. Kama punda, mnyama wa nyumbani mwenye mwenyewe, aliibwa hivyo kwa ajili ya ngozi, je, mbega wa msituni ambaye hana wa kumlilia?

Sasa nije kwa ndugu yangu aliyesema utamaduni. Namheshimu, kwa sababu hoja yake ina uzito. Mkimbizi anapokimbia habebi shamba, habebi kaburi la babu. Ngoma anaibeba. Wanaosema "acheni hizo ngozi, ni ushamba" hawajui wanachogusa.

Lakini ndugu, tuulize wazee wetu: zamani ngozi ya chui ilinunuliwa wapi? Katika makabila mengi ya ukanda huu, aliyeua chui hakwenda nayo sokoni. Ngozi ilikuwa ya mkuu, ya mfalme, ya mwenye kazi maalumu. Wenzetu Wanuer wanajua zaidi. Kwao alikuwepo mzee wa ngozi ya chui, ambaye kazi yake ilikuwa kupatanisha damu. Mtu akiua mwenzake, alikimbilia nyumbani kwa mzee huyo, na humo hakuguswa mpaka ng'ombe wa fidia wazungumzwe. Ile ngozi begani ilikuwa inasema: hapa kisasi kinasimama. Sasa niambieni, ngozi ya namna hiyo ukiinunua kwa mtu wa magendo usiku, kwa pesa ya mchango, inasema nini?

Kwa hiyo mimi naona mila zilipiga marufuku kuuza kabla ya bunge. Ngozi ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na sababu, na si kila mtu aliivaa. Kuifanya bidhaa ndiyo kumeivunja. Sheria inayokataza kuuza haipigani na babu zetu. Inapigana na mfanyabiashara aliyekuja juzi.

Na tukisema tuendelee tu, mwisho wake tunauishi. Wengi wetu tuko Rhino Camp. Mmewahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi? Upande huu wa magharibi wa Nile walikuwepo vifaru weupe wa kaskazini. Hifadhi ya Ajai, hapo karibu, ilijulikana kwa ajili yao. Wao waliuawa kwa ajili ya pembe, si ngozi, lakini soko ni lilelile na wabebaji ni walewale. Dume wa mwisho wa aina hiyo alifia Kenya, Ol Pejeta, 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili. Watoto wanaozaliwa hapa wanaandikiwa jina la mnyama kwenye kadi zao, na mnyama huyo aliyelipa eneo hili jina hawatamwona.

Nirudi kwenye vitu viwili nilivyosema sheria inavihitaji.

Cha kwanza, mipaka iwe wazi. Isije mtu akasikia "ngozi marufuku" akaenda kumtesa mama anayeuza ngozi ya mbuzi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni mifugo yetu. Ngoma zetu zimewambwa kwa ngozi hizo, na hata adungu ya Waalur inafunikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Hata huko California, Marekani, ambako kuuza manyoya mapya kumekatazwa tangu Januari 2023, sheria iliacha ngozi za ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ikaacha nafasi kwa dini na kwa makabila ya wenyeji. Na sisi tuwe na akili hiyo. Mzee aliyekimbia na ngozi ya baba yake, iliyokaa ukoo mzima, asichukuliwe sawa na mchuuzi. Apewe siku za kuiandikisha bila kukamatwa, abaki nayo, lakini asiweze kuiuza kamwe.

Cha pili, badala ipatikane. Afrika Kusini, waumini wa kanisa la Shembe huvaa ngozi ya chui wanapocheza ngoma ya ibada. Shirika moja la kulinda paka wa porini, Panthera, halikwenda kuwatukana. Lilikaa na viongozi wao, likatengeneza kitambaa chenye madoa kama ya chui, na maelfu ya watu wakakubali kukivaa. Zambia, kwa Walozi, kazi kama hiyo imefanyika kwa ajili ya sherehe ya Kuomboka. Huku kwetu mafundi wa cherehani wako wengi, wengine wamefunzwa na mashirika hayohayo halafu wanakaa bila kazi. Wapeni kitambaa na rangi, waite wazee waseme madoa yakae vipi. Hiyo ni kazi kwa kijana, na ni nguo ambayo haitamfunga mtu.

Hapa naomba niwaambie kitu wafanyakazi wa mashirika, bila ugomvi. Siku ya sherehe nyinyi ndio mnapiga picha. Mchezaji aliyevaa ngozi ndiye anawekwa mbele, na picha yake inakwenda kwenye ripoti na kalenda. Hamuulizi ngozi imetoka wapi. Halafu kijana mwaka ujao anajua: bila ngozi, kikundi chetu hakitachaguliwa. Bila kukusudia, mmekuwa sehemu ya soko. Basi wekeni sharti kabla ya sherehe, kwamba ngozi ya mnyama wa porini haipandi jukwaani, na palepale wekeni pesa kidogo ya nguo kwenye bajeti. Sharti bila pesa ni kutuonea.

Na ile sheria ya 2019, isomwe. Iko kwa Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza kinatupita pembeni. UWA na OPM watuletee kwa Kiswahili, Kikakwa, Kilugbara, Kinuer na Kiarabu cha Juba, kwenye mikutano ya viongozi wa wakimbizi na kwenye redio. Karatasi moja ingetosha: wanyama gani, kosa gani, adhabu gani, na ukikutana na ngozi umwambie nani bila wewe kushikwa.

Sisi vijana hatuna haja ya kungoja hayo yote. Kikundi chochote kinaweza kuamua wiki hii kwamba hakinunui. Anayeleta gunia akikosa mnunuzi Lobule, akakosa Rhino Camp, akakosa Imvepi, atachoka na barabara hii. Na wewe wa boda, mtu akikupa mzigo na hataki uufungue, mrudishie. Nauli ya safari moja hailingani na miaka ya jela.

Anayepinga aandike na yeye, tusikie.