Mnyama wa Porini Ana Mwenyewe

Liko neno moja lisemwalo sana katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Elgon, tangu mashamba ya mahindi ya Kitale hata vilima vya Bungoma, nalo ni hili: "Mnyama wa porini hana mwenyewe." Neno hili ni fupi, ni jepesi kinywani, tena lafanana na methali; lakini si methali, ni udhuru. Kwa neno hili mtu hutega waya kando ya kinamasi, akapata nyama asiyoifuga, akaiuza usiku kwa jirani, na asubuhi akaketi pamoja na watu wema bila ya kuona haya. Nataka, ndugu msomaji, tulipime neno hili kwa makini, maana wewe ndiwe utakayerithi msitu au utakayerithi nchi tupu, na hakuna atakayekuuliza ulipendelea lipi kati ya hayo mawili.

Kwanza tuijue sheria, kwa sababu mtu hawezi kuilaumu wala kuitetea sheria asiyoijua. Mwaka 1973 Serikali ya Kenya ilikataza uwindaji wa tembo. Mwezi wa Mei 1977 ikakataza uwindaji wa wanyama wote, isipokuwa ndege wa aina chache walioweza kupigwa kwa leseni. Na mwaka 1978 ikaifunga biashara ya ngozi, pembe na vitu vingine vitokanavyo na wanyama wa porini. Kisha ikaja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, nayo ikaongeza uzito wa adhabu. Kama ilivyopitishwa mwaka ule, mtu aliyewinda kwa kitoweo chake tu alistahili faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Aliyewinda ili auze nyama alistahili faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Na aliyetenda kosa juu ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, kama tembo na kifaru, alistahili faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Marekebisho ya baadaye yamegeuza baadhi ya viwango hivyo, lakini nia ya sheria ni ile ile: kumwambia kila mtu kwamba uhai wa mnyama una thamani, na kwamba aupotezaye atalipa.

Wale wanaoichukia sheria hii huleta hoja tatu. Haitufai kuzicheka, kwa kuwa kila moja ina punje ya ukweli ndani yake. Lakini punje moja haijazi ghala.

Hoja ya kwanza ni kwamba sheria hii ni ya wageni. Wasema kuwa Wazungu ndio waliotukataza kuwinda, ilhali wao wenyewe waliwinda watakavyo. Ni kweli. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalikutana London yakaandika mapatano juu ya wanyama wa bara hili, na mwenye bara hakuitwa barazani. Baada ya hapo leseni ziliuzwa kwa mwenye fedha na bunduki, na mwenye upinde na mshale akafanywa mvunja sheria katika msitu wa babu zake. Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, alipitia Mumias kwenda Karamoja kutafuta pembe, na hata alipoiacha kazi hiyo alikuwa ameua tembo zaidi ya 1,000. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alifika mwaka 1909 katika uwanda wa Uasin Gishu penye mto Nzoia, karibu na nchi yetu hii. Katika safari yao ya 1909 na 1910, iliyoanzia Mombasa na kuishia Sudan, yeye na mwanawe waliua wanyama 512, na kati yao tembo 11, wengi wakapelekwa makumbusho ya Washington. Mgeni aliyeua mia tano aliitwa mwindaji mashuhuri. Mwenyeji aliyeua mmoja aliitwa mwizi. Dhuluma hiyo haifichiki, na mwalimu anayeificha hawatendei haki wanafunzi wake.

Lakini yatupasa tuulize: je, kutokana na ukweli huo yafuata nini? Ikiwa mgeni aliingia ghalani mwetu akala nusu ya mahindi, tutalipiza kisasi kwa kuichoma nusu iliyobaki? Tena, sheria ya 1977 haikutungwa na mgeni. Ilitungwa na Kenya huru, miaka 14 baada ya uhuru, nayo ilifanya jambo ambalo mkoloni hakulifanya: ilimnyang'anya tajiri leseni yake. Tangu siku ile mwenye bunduki ya thamani na mwenye tanzi la waya walisimama sawa mbele ya katazo moja. Basi anayeivunja sheria ya 1977 kwa kisingizio cha dhuluma ya 1900 anaupiga mti usiomtupia tunda bovu.

Hoja ya pili ni kwamba babu zetu waliwinda. Waliwinda, naam, lakini waliwindaje? Jirani zetu wa Buganda wana mila iliyo maarufu: kila ukoo una mnyama wake, na watu wa ukoo huo hawamli. Ukoo wa Ngabi hauli pongo, ukoo wa Nkima hauli kima. Yamaanisha nini, isipokuwa kwamba kila mnyama mwenye jina alikuwa na kundi la watu waliomwepuka? Waogiek wa misituni, waliokuwa warina asali na wawindaji, waligawanya msitu kwa koo. Na mtu hakuingia katika sehemu ya ukoo mwingine akatenda apendavyo. Hiyo nayo ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa. Mipaka ya uwindaji ni ya kale kuliko karatasi ya serikali yo yote.

Tena babu alimfuata mnyama kwa miguu, akamwona kabla ya kumpiga, akajua kama ni dume au ni jike lenye mimba. Waya hauoni. Waya hushika mama na mtoto, hushika mbwa wa jirani na ndama aliyepotea, hukata mkonga wa tembo mchanga, na mara nyingi mtegaji hasahau kuutega lakini husahau kuutazama, nyama ikaozea pale pale bila ya kumfaa mtu wala fisi. Anayeuita huo uwindaji wa mababu anawasingizia mababu.

Na nchi yenyewe si ile ya babu. Trans Nzoia iliyokuwa mbuga ya twiga na kongoni sasa ni mahindi, nyumba na barabara. Mwaka 1974 watoto wa twiga wa huku kwetu magharibi walichukuliwa kutoka Soy mpaka Langata, Nairobi, kwa sababu ardhi waliyokuwa wakilisha ilikuwa ikigawanywa kuwa mashamba. Mwaka huo huo ikawekwa Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, kwa ajili ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka aendaye juu ya matope na kuzama majini akibakiza pua tu. Hifadhi hiyo, iliyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini Kenya, haifiki hata kilometa 3 za mraba, na imezungukwa na mashamba pande zote. Nzohe huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Hesabu, msomaji, wewe uliyefundishwa hesabu: katika mahali padogo namna hiyo, watu wachache wenye tanzi kumi kumi wahitaji misimu mingapi ili wamalize jambo ambalo maumbile yalilifanya kwa maelfu ya miaka?

Hoja ya tatu ni njaa, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Wasema: mtu mwenye watoto wasiokula ataihesabuje kilometa ya mraba? Simlaumu mwenye njaa, wala sipendezwi na hakimu atakayemtazama baba mwenye swala mmoja kama amtazamavyo mfanya biashara wa pembe. Ndiyo maana sheria yenyewe iliwatenga. Hata hivyo tuseme kweli. Nyama nyingi ya porini hailiwi na mtegaji, huuzwa. Mnunuzi wake hana njaa. Ana shilingi mfukoni na tamaa ya ladha ngeni. Mtegaji hupata senti za kununulia unga wa wiki moja, naye ndiye hubeba hatari ya kifungo, huku mnunuzi akijifuta midomo. Njaa ya maskini imefanywa pazia, na nyuma ya pazia hilo amesimama mtu aliyeshiba.

Hapa, msomaji, natoka kwa mvunja sheria naelekea kwa mwenye kuishika, maana sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tembo ashukapo kutoka msitu wa Elgon akaingia katika shamba la mahindi, kazi ya miezi mingi huliwa kwa usiku mmoja. Sheria ya 2013 iliahidi fidia: shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, shilingi milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na malipo kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa. Ahadi ni nzuri. Lakini malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo yamesikika kila mahali penye wanyama, na mkulima anayengoja fidia mwaka baada ya mwaka hawezi kumpenda tembo kwa kuhubiriwa. Serikali iliyo na mbio za kufunga na uzito wa kulipa inazaa majangili kwa mkono wake yenyewe. Dola ikitaka raia aitii faini ya shilingi 30,000, nayo na itii deni lake la milioni.

Wala tusidhani kwamba ukubwa wa adhabu peke yake ni ngao. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo 167,000. Kufikia mwaka 1989 walibaki kama 16,000. Tazama miaka hiyo: uwindaji wa tembo ulikuwa umekwisha kukatazwa! Katazo lilikuwapo, na tembo wakafa, na katika mapango ya Elgon kama Kitum, ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, nyayo zikapungua. Ni nini kilichoyageuza mambo? Julai 1989 Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia. Oktoba mwaka huo mataifa yakakubaliana kuifunga biashara ya pembe. Na ulinzi wa wanyama ukakabidhiwa shirika jipya. Hesabu ya mwaka 2021 iliwakuta tembo 36,280. Somo ni wazi. Adhabu hufaa inapomfikia mnunuzi na mchukuzi na mkubwa aliyewatuma, si inapokwama kwa yule wa chini mwenye waya. Mahakama inayojaza gereza kwa watega swala na kumwachia mwenye pembe sandukuni haihifadhi wanyama, inahifadhi wakubwa.

Tena hufaa zaidi pale ambapo mwenyeji ameifanya sheria kuwa yake. Waogiek wa Chepkitale, upande wa Bungoma wa mlima, walitolewa katika nchi yao mara nyingi kwa jina la hifadhi, na mwaka 2000 ardhi hiyo ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Hawakulipiza kwa kuwamaliza wanyama. Waliziandika kanuni zao wenyewe, wakakataza ujangili na uchomaji wa makaa, wakaenda mahakamani. Na Septemba 2022 mahakama ya mazingira na ardhi ya Bungoma ikawapa ushindi. Hao ndio waliolijibu neno letu la kwanza kuliko mwalimu ye yote. Walioambiwa kwamba msitu si wao waliulinda kama wao. Nasi tunaoambiwa kila siku kwamba nchi ni yetu twasema mnyama wake hana mwenyewe!

Basi, msomaji, utafanya nini? Usitege, wala usiwe mlinzi wa anayetega. Usinunue nyama ya porini, hata ikiletwa na mjomba, hata ikisemwa kuwa ni kipande kidogo tu. Maana kila mnunuzi hununua kipande kidogo, na vipande vidogo ndivyo vimalizavyo mnyama mzima. Uonapo waya msituni, mwarifu askari wa wanyama au chifu. Na utakapokuwa hakimu, au mbunge, au karani wa ofisi inayolipa fidia, kumbuka kwamba jalada la mkulima wa Elgon lililokaa mezani pako bila ya kufunguliwa lina uzito sawa na tanzi lililotegwa kinamasini.

Mnyama wa porini ana mwenyewe. Mwenyewe ni mkulima aliyemvumilia, ni mzee aliyemwepuka kwa mwiko wa ukoo wake, ni mtoto wa Kitale au wa Bungoma ambaye hajazaliwa. Huyu wa mwisho hawezi kuja kortini kudai haki yake. Kwa hiyo sheria imesimama mahali pake, na wewe umeitwa kuwa shahidi.