Ghala la programu lisogezwe karibu na Muyinga

Kila inapozinduliwa programu mpya ya kusimamia vifurushi, yaani chombo kinachosakinisha programu nyingine kwa amri moja tu iliyoandikwa, sifa inayotangazwa kwanza ni kwamba inakubali Windows, macOS na Linux. Kwa mwanafunzi wa Gitega au Muyinga, lililo zito zaidi ni mahali programu zenyewe zinapokaa. Burundi haina pwani. Data ya ng'ambo huletwa na nyaya za baharini, kisha hupitia nchi jirani. Darasa lenye kompyuta 20 likisakinisha programu ya megabaiti 300, gigabaiti 6 husafiri njia hiyo yote kwa ajili ya faili lilelile.

Watu wa Debian, mfumo wa aina ya Linux, waliliona hili mapema. Chombo chao cha apt, kilichotoka 1998, husoma ghala ambalo yeyote anaruhusiwa kulinakili. Debian 12, ya mwaka 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000, na vile vya aina moja ya kompyuta vinaenea kwenye diski ya terabaiti 2. Diski hiyo ikiwekwa chuoni Gitega, kila sakinisho linaishia hapohapo mjini. Tofauti na hapo, winget ya Microsoft, iliyofikia toleo la 1.0 Mei 2021, hutunza maelezo tu. Faili lenyewe hulifuata kwa kila mtengenezaji, popote alipo. Ni kazi njema, ila inamchukulia kila mtumiaji kuwa na intaneti ya kutosha.

Wapo wanaohofia nakala kuchezewa, na hofu yao ni ya haki, maana flashi zinazopita mikono mingi zimesambaza virusi vya kutosha. Lakini apt hukagua saini ya kidijitali ya orodha ya vifurushi, na orodha hubeba alama ya kila kifurushi. Kikibadilishwa hata kidogo, hukataliwa. Diski inaweza kupanda basi hadi Muyinga bila aliyeibeba kulazimika kuaminiwa. Ugumu wa kweli ni muda: orodha za marekebisho ya usalama huisha uhai baada ya takriban wiki moja, hivyo safari hiyo lazima irudiwe. Wengine watasema walio wengi hutumia Windows. Ndiyo sababu watungaji wa vyombo vya mifumo yote wanapaswa kuiwezesha Windows nayo kusoma ghala lililonakiliwa, na vyuo vya Gitega vitenge seva moja na mtu anayelipwa kuisasisha.